Pumziko la Walio Hai

Upande wa mashariki wa Jutland, nchini Denmark, kuna kijiji cha Årøsund. Kivuko kidogo hutoka hapo kwenda kisiwa cha Årø, safari ya dakika chache tu kukatiza maji ya Lillebælt, na karibu na gati upo ufukwe ambao familia huujia wakati wa kiangazi. Wazazi hukaa mchangani na wadogo huchezea maji ya kina kifupi. Hakuna anayewauliza wamefanya kazi gani hata wastahili kuwa pale.

Mtu wa Sikonge, mkoani Tabora, Tanzania, ana sababu ya kuutazama ufukwe huo kwa makini. Mwendo mfupi wa gari kutoka hapo uko mji wa Christiansfeld, ulioanzishwa na Wakristo wa Kanisa la Moravian mwaka 1773 na kuingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2015. Kutoka kwa Wamoravian wa Denmark walikuja wamisionari walioulea usharika wa Sikonge baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, wamisionari wa Kijerumani walipokuwa wameondolewa. Wadenmark hao waliitegemeza hospitali ya Sikonge na makazi ya wagonjwa wa ukoma kwa miaka mingi. Nyimbo zilivuka bahari, dawa zikavuka, nidhamu ya kazi ikavuka. Pumziko la ufukweni lilibaki kwao.

Ndipo linapokuja swali ambalo makanisa na misikiti ya Unyamwezi, yaani nchi ya Tabora, haijalijibu sawasawa: je, kupumzika na watoto, bila kuzalisha chochote, ni sehemu ya maisha anayoyataka Mungu, au ni anasa ya wenye nacho?

Wengi Sikonge wangejibu haraka kwamba ni anasa, na mtu hawezi kuwalaumu. Tumbaku, zao la hapa, haina huruma na kalenda. Vitalu vya miche huandaliwa kabla ya mvua, kisha kuna kupandikiza, kupalilia, kuchuma jani kwa jani, kukesha na moto wa bani la kukaushia, kupanga madaraja, kusubiri soko. Soko likifungwa, vitalu vipya vinadai maji. Mikono ya watoto imo katika kazi hiyo, na mtoto aliyekaa tu huonekana mvivu.

Lakini Maandiko yenyewe yanasemaje? Amri Kumi zimeandikwa mara mbili katika Torati, na sababu zinazotolewa kwa amri ya Sabato hazifanani. Katika Kutoka 20, watu wapumzike kwa kuwa Mungu alipumzika baada ya kuumba. Katika Kumbukumbu la Torati 5, wapumzike kwa kuwa walikuwa watumwa Misri. Sababu hii ya pili huhubiriwa kwa nadra, nayo ndiyo nzito zaidi kwa watu wa Tabora, iliyokuwa kwenye njia ya misafara ya pembe na watumwa. Amri hapo inamtaja mtoto, inamtaja mtumishi, inamtaja mgeni, inamtaja hata punda. Pumziko hapa ni alama ya kutoka utumwani. Anayemnyima mwenzake siku ya kupumzika anamrudisha alikotoka.

Waislamu wa Tabora, ambao walikuwa hapo kabla ya kanisa lolote, hawana siku ya kuacha kazi kama Sabato. Sura ya Al-Jumua inawaruhusu waumini kutawanyika kutafuta riziki mara sala ya Ijumaa inapokwisha. Hata hivyo, hadithi ya Abdullah bin Amr, aliyekuwa akifunga kila siku na kusali usiku kucha, inafahamika sana: Mtume alimrudi na kumkumbusha kwamba mwili wake una haki juu yake, macho yake yana haki, na mke wake ana haki. Hata ibada, basi, haina ruhusa ya kuula mwili wote.

Historia ya mahali hapa inalifanya suala hili kuwa deni. Mpelelezi Mwingereza Richard Burton alitumia siku 134 mwaka 1857 kutoka pwani hadi Kazeh, ndiyo Tabora. Wanyamwezi waliijua njia hiyo kwa miguu yao wenyewe, wakishuka pwani na pembe za ndovu begani, mara nyingi pamoja na wake na watoto katika msafara. Wengi walikuwa wapagazi wa ujira. Wengine waliopita njia hiyohiyo walikuwa mateka wa kuuzwa. Mizigo ilitua Bagamoyo, kwenye mchanga uleule ambao leo wageni hulipa fedha kuota jua. Familia za bara ziliufikia ufukwe kwa vizazi vingi, lakini zikiwa chini ya mzigo.

Wamoravian nao wana hesabu yao katika jambo hili, na ni haki isemwe. Umisionari wao ulianza mwaka 1732 katika kisiwa cha St. Thomas, koloni la Denmark, miongoni mwa watumwa wa miwa. Baada ya miaka michache wamisionari wenyewe wakamiliki shamba na watumwa. Kanisa hilohilo ndilo lililoacha huko Christiansfeld makaburi ya kustaajabisha: mawe yote yamelazwa, ya tajiri na ya maskini yakiwa sawa. Usawa huo ni mzuri mno kuachwa kwa wafu peke yao. Makanisani kwetu pia, neno la kupumzika husikika zaidi msibani.

Sheria ziko upande wa watoto. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unataja kupumzika na kucheza katika kifungu cha 31. Fukwe nazo zina ulinzi: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa bahari au ziwa. Denmark ina neema ya ziada ya jiografia, kwani hakuna Mdenmark anayeishi zaidi ya kilomita 52 hivi kutoka baharini. Kutoka Sikonge hadi Bahari ya Hindi ni karibu kilomita 700 kwa mstari ulionyooka.

Umbali huo si kisingizio. Reli ya kati inafika Dar es Salaam kutoka Tabora. Kutoka stesheni hadi gati la Magogoni si mbali, kivuko huvuka kwenda Kigamboni, na mbele yake ziko fukwe. Wazee wa usharika, maimamu, viongozi wa vyama vya ushirika vya wakulima (AMCOS): mnapopanga matumizi baada ya soko lijalo la tumbaku, tengeni fungu la kuwapeleka watoto wa wakulima baharini, pamoja na mtu wa kuwafundisha kuogelea. Waanze wale wanaokesha kwenye mabani.