Mgeni Chini ya Bahari

Mtu afikaye mahali kwa ajili ya kujifurahisha tu, ana wajibu gani kwa mahali hapo? Wapo wasemao kuwa wajibu wake ni kulipa. Akiisha kulipia chumba, chakula na chombo, hadaiwi neno. Rai hii ni nyepesi kushika, walakini haistahimili kupimwa. Na tuipime kwa mfano wa wazamiaji waendao kupumzika katika kisiwa cha Bonaire.

Bonaire ni kisiwa kidogo cha Bahari ya Karibi, jirani na Venezuela, na tangu mwaka 2010 ni manispaa maalumu ya Uholanzi. Matumbawe yake yako karibu sana na nchi kavu, hata mgeni huweza kujifunga mtungi wa hewa ufukoni, akaingia majini kwa miguu, na baada ya kitambo kidogo akawa kati ya samaki wa kila rangi. Kuvua kwa mikuki chini ya maji kulikatazwa huko mwaka 1971, na kuchukua matumbawe mwaka 1975. Mwaka 1979 bahari yote ikizungukayo kisiwa, hadi kina cha meta 60, ilifanywa hifadhi. Na mwaka 1992 wazamiaji walianza kutozwa ada ya kuitunza.

Ada hiyo hununua nini? Hainunui tumbawe hata moja. Mwenye kuilipa hakatazwi kuchukua tu, bali hata kugusa. Tumbawe kubwa huongezeka milimita chache kwa mwaka. Teke moja la mtu asiyejua kujimudu majini huharibu kazi ya miaka mingi. Hata glovu hukatazwa, kwa kuwa mkono uliofunikwa hupata ujasiri wa kushika. Bahari nayo ina sheria yake. Katika kina cha meta 10 kani ya kumkandamiza mtu ni maradufu ya ile ya juu ya maji, na apandaye kwa haraka aweza kuumia au kufa. Huko chini tajiri na maskini huishi kwa pumzi ya akiba, nayo ina kikomo. Hapo ndipo mgeni anapojua ugeni wake.

Lakini kusini mwa kisiwa, ufukoni, viko vijumba vya mawe vilivyojengwa mwaka 1850 kwa ajili ya watumwa wa mabwawa ya chumvi. Milango yake ni mifupi hata mtu mzima hana budi kuinama sana apate kuingia. Uholanzi ilikomesha utumwa katika makoloni yake ya Karibi mwaka 1863. Leo mbele ya vijumba hivyo watu huzamia, na jina la mtumwa limekuwa jina la mahali pa starehe.

Je, furaha mahali hapo ni haramu? La. Majonzi ya mgeni hayamrudishii marehemu kitu, na fedha yake huwafaa walio hai. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Yamkini mtu atasema kuwa matumbawe yangali hai na yaweza kuokolewa, bali watumwa wamekwisha kufa, hawana cha kupoteza. Si kweli. Wafu wana kitu kimoja kiwezacho kuvunjwa bado, nacho ni ukweli wa maisha yao. Apitaye mlangoni pao pasipo kuuliza ni nani walioinama hapo, ameukanyaga kama akanyagaye tumbawe.

Basi fedha hulipia ruhusa ya kuingia, adabu hailipiwi. Mzamiaji amefunzwa kutazama kwa utulivu, kutoshika kisicho chake, na kukumbuka kuwa mahali hapo palikuwapo kabla yake. Mafunzo hayo ni mema kupita starehe yenyewe. Atokapo majini na auvue mtungi, lakini adabu asiivue.