Je, ni vibaya kwenda kuitazama barafu?



Jumapili hii tunaandika juu ya jambo lililotugawa. Mama mmoja wa kanisa letu, aliyeturuhusu kulieleza bila kumtaja jina, amestaafu baada ya miaka mingi ya kazi ya hemtjänst, ya kuhudumia wazee majumbani mwao. Muda wote huo aliweka akiba kidogo kidogo. Sasa ameweka nafasi kwenye meli ndogo inayozunguka visiwa vya Svalbard, mbali kaskazini mwa Norwei. Bei inapita krona 50,000. Habari ilipofika kwenye meza ya kahawa baada ya ibada, maneno yakaanza. "Pesa hizo zingechimba kisima." "Barafu gani tena? Ya Mälaren haimtoshi?" "Hayo ni mambo ya wazungu." Mama alinyamaza. Jumapili mbili zilizofuata kiti chake kilikuwa kitupu.

Tulipokwenda kumwona, alitupikia chai, akatuambia: "Miaka yote nimewaogesha watu waliozunguka dunia. Mzee mmoja alinionyesha picha za barafu ya buluu kila nilipomvisha soksi. Wote walikuwa na cha kunisimulia. Na mimi nitamsimulia nini atakayekuja kunivisha soksi?"

Tulirudi nyumbani kimya. Tangu siku hiyo tumelipima jambo hili upya, na tunaona lina maswali matatu ambayo sisi tuliyachanganya.

La kwanza ni la maskini. Katika Marko 14 kuna mwanamke aliyevunja chupa ya marhamu ya thamani. Waliokuwapo wakapiga hesabu haraka: zaidi ya dinari 300, wangepewa maskini! Yesu akawaambia wamwache. Tumeihubiri habari hiyo mara nyingi bila kufikiri kwamba siku moja sisi ndio tungekuwa wapiga hesabu. Tuwe waangalifu hapa: mwanamke yule alimmiminia Bwana, hakujinunulia safari, kwa hiyo habari hii haibariki kila anasa. Lakini inatuonya juu ya kitu kimoja: kutoa sadaka kwa mfuko wa mtu mwingine. Mama huyu amesomesha watoto wa ndugu zake na kutuma pesa nyumbani kila mwezi. Kati yetu kuna walionunua magari makubwa kwa mkopo na kufanya arusi za kumbi mbili, na hakuna aliyewauliza juu ya kisima. Kwa nini mama mjane asiye na gari ndiye aliyeulizwa? Tulimwona kama pochi, tukasahau kwamba ni mtu.

La pili ni lile la "mambo ya wazungu". Februari 2008, ghala la mbegu la dunia lilipofunguliwa ndani ya mlima huko Svalbard, Wangari Maathai wa Kenya alikuwapo, akaingiza kasha la kwanza la mbegu pamoja na waziri mkuu wa Norwei, Jens Stoltenberg. Mbegu za nchi nyingi zimehifadhiwa kwenye baridi ile, za Afrika zikiwemo, ili vita au ukame ukiharibu za nyumbani, ziwepo za kuanzia upya. Mwaka 2015, kwa sababu ya vita vya Syria, mbegu zilitolewa humo kwa mara ya kwanza. Basi baridi ile inatutunzia chakula hata sisi. Na Mungu alipomhoji Ayubu, alimuuliza kama amewahi kuingia katika hazina za theluji. Hakusema hazina hizo ni za taifa fulani.

La tatu waliliuliza vijana wetu, nalo ndilo zito. Je, ni haki kwenda kuangalia kitu ambacho safari yenyewe inakiyeyusha? Svalbard inapata joto kwa kasi mara kadhaa kuliko dunia kwa wastani. Kilimanjaro imepoteza zaidi ya asilimia 80 ya barafu iliyokuwapo mwaka 1912. Wenzetu wa Uvira wanakumbuka Aprili 2020, maji yalipobeba nyumba na watu. Hatusemi kila mafuriko yana sababu moja, ila tunajua kwamba joto likizidi, wanaolipa kwanza ni wasiopanda ndege.

Lakini tuitazame na boriti yetu. Kutoka Stockholm hadi Svalbard ni karibu theluthi moja tu ya njia ya kwenda Nairobi, na sisi tunapanda ndege kwa arusi, kwa misiba, wengine kila Desemba. Kweli, meli ile inachoma mafuta usiku na mchana kwa ajili ya watu wachache. Hilo halifutwi na makosa yetu, wala yetu hayafutwi na lake.

Wengi wetu tunafanya kazi ya uuguzi, na kazi hiyo imetufundisha kwamba dawa ile ile huponya au huua. Tunauliza ni kiasi gani, mara ngapi, na nani atabeba madhara. Safari moja ya maisha si sawa na safari ya kila mwaka, lakini hata dozi moja ina madhara yake, na mwenye kuimeza anapaswa kuyajua.

Tulipomfikishia mama swali la vijana, hakukasirika. Alisema: "Hilo ndilo mlilopaswa kuniuliza tangu mwanzo." Kisha akatueleza sheria za kule: tangu 2025, meli inayoingia maeneo yaliyohifadhiwa haibebi abiria zaidi ya 200, na dubu weupe hawasogelewi chini ya mita 300, au mita 500 kuanzia Machi hadi mwisho wa Juni. Amelipa, lakini ataambiwa asimame mbali. Alisema anaipenda sheria hiyo.

Kama ataenda au la, uamuzi ni wake mbele za Mungu. Wetu ni huu: tunamwomba msamaha, kwa maandishi, kwa sababu tulimsema hadharani. Na kila mmoja wetu, kabla ya tiketi ijayo, popote iendako, ajiulize: wanaonitegemea nimewatimizia? Nani atalipa gharama nisiyoiona? Nitarudi na nini cha kuwagawia wengine?

Mama ameahidi kurudi kwenye ibada Jumapili hii. Tumwachie kiti chake, na kwenye kahawa tumkaribishe kabla hatujamuuliza chochote.

Bwana awabariki.