Mzee Akipenda, Twacheka Nini?

Wasomaji wetu wengi wamepata kuona katika televisheni zile sinema za kuchekesha zihusuzo wazee waliopendana. Mojawapo iliyo bora ni "Love Among the Ruins", iliyoongozwa na George Cukor na kuonyeshwa Marekani mwaka 1975. Waliocheza ni Katharine Hepburn na Laurence Olivier, wote wawili wazaliwa wa Mei 1907, nao walikuwa na miaka 67. Habari yenyewe ni ya London, mwaka 1911. Mjane tajiri adaiwa fidia na kijana mmoja, kwa kuwa alikubali kuolewa naye, kisha akavunja ahadi. Sheria ya Uingereza iliruhusu madai ya namna hiyo hata yalipofutwa kwa sheria ya mwaka 1970. Wakili wa mjane huyo alimpenda zamani, zaidi ya miaka 40 iliyopita, wala mama hamkumbuki.

Sinema hiyo yafurahisha, lakini ndani yake mna swali zito. Wakili amwokoa mama yule kwa kumfanya kichekesho mbele ya mahakama: mwanamke wa umri wake, asema, akidhani kuwa kijana aweza kumpenda, ni wa kuhurumiwa tu. Kesi waishinda, lakini moyo wa mama waumia. Naye asemaye hayo ni mzee, tena ampenda!

Nasi tujiulize: mzee akipenda, twacheka nini? Tukicheka majivuno ya mtu akataaye miaka yake, hatukosi. Lakini mara nyingi twacheka kwa kuwa tumekwisha kumhesabu mzee kuwa mtu aliyemaliza. Kazi yake ni kutunza wajukuu na kuingoja siku yake. Huko ni kumwondolea utu wake kabla Mungu hajamwita.

Wengine husema kwamba ndoa ni kwa ajili ya watoto tu, na wazee hawazai. Kanisa halisemi hivyo. Sheria yake ya mwaka 1983 yataja pamoja manufaa ya mume na mke wenyewe na kuzaa na kulea watoto. Tena yatamka wazi kwamba utasa hauzuii ndoa wala hauibatilishi. Mtume Paulo aliwaandikia Wakorinto kwamba mjane yu huru kuolewa, mradi iwe katika Bwana, ingawa yeye mwenyewe aliona heri abaki alivyo. Shauri ni la mjane. Mtume hakuwaachia watoto wala majirani.

Twajua kizuizi kikubwa ki wapi: ni shamba na nyumba. Watoto husema, "Mama, watu watasemaje?", na moyoni wauogopea urithi. Hofu hiyo si ya kudharauliwa, maana yuko pia mchumba afuataye mali, kama yule kijana wa London. Basi, mzee atakaye kuoa au kuolewa awaite watoto wake mapema, aandike wosia, aonane na padre wake. Akiisha kufanya hayo, wamwache. Mtoto aonekanaye nyumbani siku ya Noeli tu hana haki ya kumwamuru mzazi wake ale peke yake siku zote nyingine za mwaka.