NENO LA MCHUNGAJI: MTOTO YULE HANA LAANA

Somo: Yohana 9:1–7



Wanafunzi walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu, hawakuuliza kama amekula. Walitafuta mkosaji: ni yeye, au ni wazazi wake? Bwana akalikataa swali lenyewe. Chuoni tulilichambua fungu hilo kwa siku nyingi, nami nikapata alama nzuri. Mtihani wenyewe ulikuja baadaye, hapa Bujumbura, mama mmoja wa kwetu Kivu alipoleta mtoto mchanga mwenye ualbino ili nimweke mikononi mwa Bwana. Alikuwa amemfunika kitenge mpaka usoni. Nami mchungaji wenu, badala ya kumwinua mbele ya kanisa kama watoto wengine, nilimwombea pembeni, haraka haraka, nikimsihi Mungu aondoe laana katika nyumba ile. Mama akaitika amina. Hakurudi kanisani kwa miezi mingi.

Laana gani? Ualbino ni mwili kukosa ile rangi inayotia weusi ngozi, nywele na macho. Kwa kawaida baba na mama wote wawili wanabeba urithi huo bila wao wenyewe kuonekana nao. Mama hakuzini, wala hakuvunja mwiko. Jua ndilo adui wa mtoto huyo, kwa maana huleta saratani ya ngozi, na macho yake hayaoni mbali. Kofia pana na nguo za mikono mirefu kwake ni dawa. Adui mwingine ni sisi.

Mliopitia kambi ya Bwagiriza mnaijua Ruyigi. Huko, mwaka 2008, watu wenye ualbino waliwindwa na kuuawa, viungo vyao vikatafutiwa soko ng'ambo ya mpaka, Tanzania, kwa waganga wanaodanganya watu kwamba vinaleta utajiri. Mwendesha mashtaka wa Ruyigi, Nicodème Gahimbare, aliwafungulia nyumba yake mwenyewe wakajificha humo. Julai 2009 mahakama ya huko iliwafunga wauaji, mmoja wao kifungo cha maisha. Kila nikiikumbuka habari hiyo najiuliza makanisa yetu yana milango mingapi.

Mwindaji haijui nyumba mpaka aonyeshwe. Kijana anayepiga kelele njiani Buyenzi kwamba pesa inapita, anadhani anatania. Kumbe amekwisha kumtia mtu bei. Yuda naye alianza kwa kuuliza bei. Na sisi wakimbizi, nani wa kutufundisha jambo hili? Tulibandikwa majina kwanza, mapanga yakafuata.

Haki ya kuishi imo katika Katiba ya nchi hii, lakini haki isiyosemewa hulala. Kwa hiyo, wazazi, mwandikisheni mtoto mara azaliwapo, na mkifika HCR semeni wazi kwamba ana ualbino, msimfiche. Shuleni mwombeni mwalimu amkalishe mbele, karibu na ubao. Mtu akitishwa, twende polisi usiku uleule, na mzee wa kanisa aende pamoja naye. Sitaki kusikia kwamba jambo kama hilo limepatanishwa kifamilia kwa kreti ya fanta. Mara nyingine wa kuogopwa ni mjomba.

Nilikwenda kwa yule mama kuomba msamaha. Alikuwa anachambua lengalenga, akanisikiliza bila kuinua macho. Nilipomaliza akaniuliza: "Baba mchungaji, maneno hayo utayasema mbele ya kanisa, au ni ya hapa jikoni tu?"

Basi nimeyasema. Tarehe 13 Juni ni siku ambayo Umoja wa Mataifa umeitenga, tangu 2015, kwa ajili ya watu wenye ualbino. Jumapili iliyo karibu na siku hiyo mtoto yule ataletwa tena madhabahuni, nami nitamwinua mbele yenu nyote, bila kitenge usoni.

Ni mimi mtumishi mwenzenu,
Mchungaji