Ukuta wa Jiko

Nyumba yetu ni ya Kiswahili, ndogo, ya vyumba vinne. Niliijenga hapa Morogoro mwaka 1983 kwa mshahara wa ualimu, bati moja moja. Ina baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba viwili kila upande, na mwisho wa ukumbi mlango wa kutokea uani. Jiko liko uani, limepakana na bafu. Mgeni aketiye barazani hulijua kwa harufu tu. Halioni, wala haitarajiwi alione.

Mwaka 2024 binti yetu alituletea fedha na wazo: ukuta wa nyuma utolewe, tuongeze sebule pana yenye jiko humo humo, pasipo kizuizi katikati, kama nyumba nyingi zijengwazo sasa. Nilikubali kabla hajamaliza kusema. Hoja nilikuwa nazo tayari, na anayewajua walimu hatashangaa. Nilisema jiko la uani ni kifungo. Kwamba kwa miaka arobaini mama yake amepika peke yake katika moshi, huku mimi na wageni wangu tukijadili haki na usawa barazani. Nikaongeza kwamba Shirika la Afya Duniani lilikadiria vifo milioni 3.2 kwa mwaka 2020 vilivyotokana na hewa chafu ya majumbani. Yote hayo yalikuwa kweli, na bado ni kweli.

Fundi akaja, akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole. Akaeleza kuwa ukuta ule umebeba paa. Kwanza paa liegemezwe kwa mirunda, kisha imwagwe bimu ya zege yenye nondo, ndipo matofali yatolewe. Mtungi wa gesi ukae nje, na matundu ya hewa yawepo pia chini karibu na sakafu, maana gesi ile ni nzito kuliko hewa, ikivuja hutuama. Nikayaandika daftarini. Fundi nilimuuliza maswali zaidi ya kumi. Mke wangu sikumuuliza hata moja.

Siku ya nne, akipeta mchele, aliniambia, "Mwalimu, hilo jiko jipya ni zuri. Hili la uani mtalifanyaje?"

Nikamjibu kuwa tutalibomoa, matofali yake yatafaa kwenye msingi.

Akaweka ungo chini. "Tulipomzika mtoto, matanga yakaanuliwa, watu wakasema sasa inatosha. Wewe ukarudi chuoni. Mimi nililia humo jikoni mwaka mzima. Mtu akiingia, nasema ni moshi."

Nayakumbuka macho yake mekundu mwaka ule. Nakumbuka pia kwamba nilimshauri anunue kuni kavu.

Nimewahi kusoma habari za Margarete Schütte-Lihotzky, aliyechora jiko la Frankfurt mwaka 1926. Lilikuwa chumba chembamba, kila kitu karibu na mkono, ili mwanamke apunguze hatua na uchovu. Yalijengwa maelfu. Baadaye wapo waliolilaumu kwamba lilimtenga mpishi na watu wa nyumbani kwake. Naye mwenyewe alikiri kuwa alipolichora alikuwa hajawahi kupika. Nilicheka niliposoma hayo. Sasa sicheki, kwa kuwa nami nikiwa mkuu wa chuo niliwahi kuamuru mapazia ya mabweni yaondolewe, mwanga na hewa viingie. Hakuna aliyelalamika, nami nikauhesabu ukimya wao kuwa shukrani.

Je, ukuta wa jiko ulikuwa kifungo chake au sitara yake? Ningependa kujibu kwamba mwenye kujua ni yeye, na kuishia hapo. Lakini jibu hilo lina ulegevu ndani yake. Mtu akinyimwa nyumba nzima, akaachiwa pembe moja, ataipenda pembe hiyo. Na mapenzi yake hayathibitishi kwamba ilimtosha. Kama ningemwachia nafasi ya kulilia chumbani, au mbele yangu, yamkini asingeuhitaji moshi. Kikohozi alichonacho kilitoka humo humo alimopatia faraja. Kwa hiyo siwezi kusema alikosea kulipenda jiko lile, wala siwezi kujificha nyuma ya mapenzi yake nikasema basi hapakuwa na dhuluma.

Hatimaye tulimuuliza. Alitaka yote mawili, na kwenye jiko la zamani akataka komeo la ndani. Fundi aliuliza kwa nini la ndani. Akaambiwa aweke tu.

Jambo moja sikulitazamia. Nikikaa katika kiti changu sebuleni sasa namwona. Asubuhi ya kwanza, kabla sijamaliza kikombe cha chai, alikuwa amenyanyuka mara tisa. Kumbe ukuta ule ulinisitiri mimi pia. Nimeanza kumenya vitunguu, vibaya, na mkewe mtu huvirudia nikigeuka.

Alasiri huenda kwenye jiko la uani, akafunga. Hawashi moto. Juzi mjukuu wetu aliniuliza bibi anafanya nini kule ilhali hakuna moshi. Nikamwambia aniletee kisu, tumalizie vitunguu.