Amemaliza Kifungo, Apelekwe Wapi?

Nchi ina haki ya kumfukuza mgeni aliyevunja sheria zake. Natanguliza hilo kwa sababu hapa kwetu Ruashi, Katanga, kila nikizungumzia waliorudishwa, kuna anayeniuliza kama nawatetea wezi. Siwatetei. Nauliza tu: mtu akishatumikia kifungo chake, anakabidhiwa kwa nani?

Aprili 2025 Waamerika watatu waliohukumiwa kifo Kinshasa, kwa jaribio la mapinduzi la tarehe 19 Mei 2024, walipunguziwa adhabu ikawa kifungo cha maisha, kisha wakakabidhiwa kwa serikali yao. Mashtaka mengine yaliwangoja huko. Hata hivyo walirudi kwao, kwenye lugha yao, pahali ambapo mama anaweza kwenda kumwona mwanawe gerezani. Mimi sikuona ubaya.

Wiki hiyohiyo Juba ilikuwa inabishana na Marekani juu ya mtu mmoja aliyerudishwa. Sudan Kusini ilisema si raia wake, ni Mkongomani wa Kivu Kaskazini aliyebeba hati ya mtu mwingine. Marekani ikafuta viza za wote wenye pasipoti ya Sudan Kusini, na baada ya siku chache Juba ikakubali kumpokea. Julai wakafikishwa huko wanaume wanane waliohukumiwa kwa makosa mazito, na Msudani Kusini kati yao alikuwa mmoja tu. Wengine ni watu wa Cuba, Mexico, Laos, Vietnam na Myanmar. Kabla ya hapo walizuiliwa wiki kadhaa ndani ya kontena, kwenye kambi ya jeshi la Marekani kule Djibouti, katika joto lile, kesi yao ikisikilizwa mbali. Taifa linalojua kudai wafungwa wake warudi kwao linajua vizuri maana ya kwao.

Sisi wa Katanga tusinyooshe kidole haraka. Mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa majumbani mwao, wengi wao wazaliwa wa hapahapa. Stesheni ya Likasi ilijaa familia zilizongoja treni, na watoto wakafa kwa maradhi palepale. Hakuna mahakama iliyowahukumu. Ilitosha wasemwe vibaya, wote kwa pamoja. Ndiyo maana nikisikia wageni ni wahalifu, nauliza: yupi, na kwa kesi gani?

Kwenye avenyu yetu yupo kijana aliyefungwa Zambia kwa magendo. Alipomaliza buloko akavushwa mpaka wa Kasumbalesa na nguo alizovaa. Alikuwa ameondoka mdogo, Kibemba chake kimenyooka kuliko Kiswahili. Anabeba magunia ya makala sokoni, na jioni hatoki, maana hana karte ya uchaguzi, na hapa Kongo hiyo ndiyo kitambulisho chetu. Polisi akimsimamisha, hana cha kuonyesha. Mama jirani, asiye ndugu yake, ndiye aliyempa chumba na bukari.

Pale mpakani kodi hutozwa mchana kutwa. Iwekwe basi meza moja ya kumwandikia mtu wa namna hii karatasi ya utambulisho siku anayovuka, na kumuuliza ana ndugu kartie gani. Kosa lake alishalilipia upande wa pili.