Vipimo vya Mkono Wako ni vya Nani?

Tufe la bolingi la mchezaji wa ligi kwa kawaida hununuliwa likiwa halina tundu hata moja. Sisi tunaocheza mara moja kwa mwaka, siku ya bathdei ya mtu, hatulijui hili, kwa sababu matufe ya kuazima pale ukumbini yameshatobolewa kwa makisio: yanamfaa kila mtu kidogo, na hayamfai yeyote sawasawa. Mchezaji wa ligi hupeleka lake kwa fundi. Fundi anampima kidole gumba, cha kati na cha pete, anapima umbali kati ya gumba na hao wenzake, anaangalia kila kidole kinapenda kuingia kwa mwinamo gani, ndipo anawasha mashine. Akimaliza, tufe hilo ni la mkono mmoja tu duniani.

Nimejifunza haya kwa sababu binamu yangu anayeishi Minnesota, Marekani, anataka kuanzisha ufundi wa bolingi unaotembea, na ameniomba niingize pesa. Mpango wenyewe una akili. Kumbi za bolingi huko zimepungua sana tangu miaka ya 1960, na katika mji mdogo unaweza kukuta ukumbi upo lakini fundi hayupo. Yeye ataweka mashine ya kutobolea, misasa na vipuri ndani ya vani, halafu jioni ya ligi anaegesha nje, pale wateja walipo tayari. Atabadilisha vile vipira vinavyovalishwa kwenye matundu ya vidole. Atasugua uso wa tufe ulioisha makali. Atalipasha moto polepole lisweti mafuta, maana njia ya bolingi hupakwa mafuta, na matufe ya kisasa huyanywa hadi yanachoka.

Tulikubaliana karibu kila kitu. Tukakwama kwenye karatasi moja.

Nilimuuliza kama kila mteja ataondoka na vipimo vyake vimeandikwa. Akacheka. "Buda, nikiwapa hizo namba si watazipeleka kwa mwingine wa bei ya chini? Hizo namba ndizo biashara yenyewe."

Hapo ndipo swali langu lilipoanzia, na bado sijalimaliza: vipimo vya mkono wangu ni vya nani?

Nimpe haki yake kwanza. Kupima si kusoma rula tu. Mkono mmoja ukipimwa na mafundi wawili unaweza kupata namba mbili tofauti, kwa sababu fundi mzuri pia anauliza: unaumwa wapi? Gumba linakwama ukiachilia? Unafinya sana? Namba inayotoka hapo ina miaka ya kujifunza ndani yake, na miaka hiyo hakuna aliyemlipia. Tena ni rahisi sana mimi kuhubiri nikiwa Nairobi wakati kodi ya nyumba inamngoja yeye. Ila nikiingia kwenye biashara hii, mteja akiondoka na karatasi, pesa inayoondoka naye ni yangu pia.

Sasa mfikirie fundi wako wa nguo. Wengi wetu tuna mmoja mtaani, mwenye daftari lililokunjika kona, na ndani yake uko wewe: kifua, kiuno, mabega, mkono. Unampigia simu tu, "Vipimo si unavyo?" Anavyo. Raha sana, mpaka siku kibanda kinahamishwa na daftari linaenda nalo. Hata hivyo hasara ni ndogo. Fundi mwingine atakupima upya, na shati likibana, mshono unaachiliwa.

Tufe halina mshono. Tundu likitobolewa vibaya, linazibwa kwa kemikali inayoganda, linasubiriwa likauke, kisha kazi inaanza mwanzo. Na kabla hujagundua kosa, mwili umeshagundua. Tufe linaweza kuwa na uzito wa hadi pauni 16, zaidi ya kilo 7, na uzito wote huo unaning'inia kwenye vidole vitatu, mara kadhaa kwa jioni moja. Umbali ukizidi kidogo tu, gumba linavimba na kifundo kinalalamika. Kwa hivyo kumnyima mtu namba iliyomfaa si kumnyima karatasi tu. Ni kumwambia kwamba asipokuwa na wewe, ajaribu bahati yake na maumivu.

Nadhani kuna mpaka tunaoweza kuuchora bila kumwonea fundi. Ndani ya matufe mengi ya ligi kuna kiini kizito, na hakina umbo sawa pande zote. Mahali fundi anapoyaweka matundu akilinganisha na kiini hicho ndipo panaposaidia kuamua tufe litakata kona vipi kabla ya kufika kwenye pini, futi 60 mbele. Huo ni ubunifu. Na umekuwa mgumu zaidi, kwa sababu tangu Agosti 2020 sheria za USBC, shirika linalosimamia mchezo huo Marekani, haziruhusu tena tundu la ziada la kusawazisha uzito. Siri ya mpangilio ule akitaka aifiche, hakuna wa kumlaumu. Lakini urefu wa kiganja changu, unene wa kidole changu na mwinamo usioniumiza havikubuniwa na mtu. Fundi amevikuta kwangu. Amelipwa avisome, na kusoma barua ya mtu hakuifanyi iwe yako.

Kuna jambo lingine, na ndilo linalonifanya nisimlegezee binamu yangu hata kidogo. Fundi mwenye duka ana mlango. Akikukosea, unajua pa kwenda kesho asubuhi, na majirani wake watakusikia ukipiga kelele. Mlango wa binamu yangu una magurudumu. Ligi ikiisha, vani ikiharibika, au akipata kazi mji mwingine, mteja anabaki na tufe lenye tatizo na namba zilizoondoka usiku. Watu hudhani anayetembea anadaiwa kidogo kwa sababu hana makao. Mimi naona anadaiwa zaidi. Kinachomshika mwenye duka kimejengwa kwa mawe. Anayetembea lazima ajijengee mwenyewe kitu cha kumshika.

Ndiyo maana naanza kushuku ile tafsiri yetu ya kawaida ya uaminifu, kwamba mtu mwaminifu ni yule ambaye unaweza kumwachia kila kitu ukalala. Mbona huyo simjui mpaka aniangushe? Labda mwaminifu ni yule anayekupa uwezo wa kumkagua, na uwezo wa kumwacha, halafu anafanya kazi nzuri ukiwa na huo uwezo mkononi. Mteja anayerudi kwa sababu hana njia nyingine tusimwite mteja. Amefungwa.

Ningeweza kumtuliza binamu yangu kwa kumwambia kwamba uaminifu hulipa. Mikono hubadilika: watu hunenepa, hukonda, vidole huvimba uzee ukiingia, na namba za mwaka juzi zinahitaji kupimwa tena. Huenda watarudi. Lakini sitaki kumpa hoja hiyo, kwa sababu kuna watakaochukua karatasi, waseme asante, na asiwaone tena. Hiyo ni hasara ya kweli na lazima tuihesabu mapema, pamoja na petroli na misasa.

Kwa hivyo sharti langu la kutoa pesa ni moja. Ada ya kupima aitoze, tena aitoze bila aibu, maana ni kazi. Mpangilio wake auweke siri akipenda. Lakini mteja akishalipa, vipimo viandikwe kwa mwandiko unaosomeka, na karatasi iufuate mkono.